Kalamu Kwanza, Kioo Baadaye: Namna ya Kupima Kishikwambi cha Bei Nafuu cha Kuchorea

Mwongozo huu nauelekeza kwako wewe mchoraji wa Wilaya ya Kilosa, uwe wa kata ya Mabwerebwere, ama ya Ulaya, ama ya Mikumi kule ipitako barabara kuu ya kwendea Iringa na Mbeya. Wewe ambaye mkono wako umekwisha kuzoea penseli na daftari, ambaye aghalabu huitwa kuandika bango la duka au kuchora tembo na twiga kwenye ukuta wa mgahawa, na ambaye sasa, baada ya kuuza ufuta wako au kujiwekea akiba kutokana na ujira mdogo mdogo, umenuia kununua kishikwambi chenye kalamu ili uchore kadi za harusi, katuni, mapambo ya fulana na picha za vitabu vya watoto, kazi ambazo mteja wake yuko Morogoro au Dar es Salaam na huzitaka zimfikie kwa simu siku ileile. Fedha uliyonayo si nyingi, duka la kuuza kifaa hiki liko mbali nawe, na ukikosea hutaweza kurudi kesho asubuhi kukibadili. Kwa sababu hizo sharti ujue kukipima kabla hujakilipia.

Kwa nini kalamu itazamwe kabla ya yote

Wengi wetu tulikizoea kishikwambi mwezi wa Agosti 2022, makarani wa Sensa walipokuja navyo mlango kwa mlango. Kazi ile ilihitaji kioo kinachoitikia kidole na betri ya kudumu kutwa, basi. Mchoraji anahitaji zaidi ya hayo: anahitaji kifaa kinachotambua mkono umelemea kiasi gani, kinachotofautisha ncha ya kalamu na kiganja kilichoegemezwa kiooni, na kinachouweka mstari pale pale ncha ilipogusa wala si kando yake. Sifa hizo hazionekani kwa macho kifaa kikiwa rafuni.

Hapa ndipo mnunuzi anapopata hasara, na ni vema uelewe sababu yake. Watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu wanapopunguza gharama, hawapunguzi katika yale yaandikwayo juu ya boksi kwa herufi kubwa, yaani upana wa kioo, GB za memori na idadi ya kamera, bali hupunguza katika kalamu, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida haiulizii. Hivyo vishikwambi viwili vyaweza kukaa pamoja rafuni, bei moja na sura moja, kimoja kikawa chombo cha kazi cha miaka mitano, na cha pili kisiweze kuchora hata ukingo wa jani la mgomba.

Bei nafuu yenyewe haina aibu. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alifanya kazi yake kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mtindo ule ukaenea ulimwenguni ukiwa na jina lake. Vifaa vyake vilikuwa rahisi, lakini brashi yake ilimtii. Nami nakusihi uushike msingi huo huo, kwamba chombo cha bei ndogo kinachoutii mkono ni bora kuliko cha bei kubwa kinachoubishia.

Aina tatu za kalamu, na hadaa iliyo katika kila moja

*Kalamu ya mpira.* Hii haina ilmu yoyote ndani yake. Huigiza kidole tu, na kwa hiyo hufanya kazi katika kioo chochote cha kugusa. Ncha yake ni nene, au ina kisahani kidogo cha plastiki kinachoziba kile unachokichora. Haitambui mkandamizo hata kidogo. Yafaa kutia sahihi na kubonyezea vitufe, wala usikubali kuhesabiwa kuwa umepewa kalamu ya kuchorea ukipewa hii.

*Kalamu yenye betri.* Hii huzungumza na kioo kwa umeme, na sharti kalamu na kioo viwe vimeumbwa kusikilizana; kalamu ya Lenovo haitaandika juu ya kioo cha Samsung, wala ya Apple juu ya kifaa cha Android. Katika kundi hili zimo kalamu nzuri sana na zimo zisizofaa, na majina yanayofanana huzidisha fitina. Apple Pencil ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2015, hutambua mkandamizo. Ile ya USB-C iliyotoka mwaka 2023, ijapokuwa ni mpya zaidi na ina jina lilelile, haiutambui. Mchoraji akinunua iPad iliyotumika akapewa kalamu hiyo ya USB-C, atapata mistari ya unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, akadhani kosa ni la mkono wake.

*Kalamu isiyo na betri, inayopewa nguvu na kioo.* Chini ya kioo umetandazwa wavu wa nyaya nyembamba unaotoa mawimbi ya sumaku, na kalamu huyapokea na kuyarudisha. Haichajiwi, haina betri ya kuchakaa, na kwa mtu anayekaa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hiyo si neema ndogo. Kampuni ya Wacom ya Japani ndiyo iliyoieneza, na Samsung huitumia katika kalamu yake ya S Pen. Galaxy Tab S6 Lite, kilichotoka mwaka 2020 na kutolewa tena kwa maboresho miaka ya 2022 na 2024, huja na kalamu hiyo ndani ya boksi, na kwa maoni yangu ndicho kipimo kizuri cha kulinganishia vishikwambi vingine vya bei ya chini: kila uoneshwapo kingine, uliza kinakizidi hiki kwa lipi.

> TAHADHARI. Si kila Samsung inakubali S Pen. Galaxy Tab A7, A8 na A9 hazina wavu ule chini ya kioo. Muuzaji akikuambia kwamba utanunua kalamu yake kando na itafanya kazi, atakuuzia kalamu ambayo kioo chako hakitaiona kamwe.

Kuhusu hesabu ya ngazi za mkandamizo, usijisumbue. Utaambiwa hii ina ngazi 2,048, ile 4,096, nyingine 8,192 au hata 16,384; mkono wa binadamu hautofautishi hizo. Linalotofautishwa na mkono ni uzito wa chini kabisa ambao kalamu inaanza kuandika, na hilo haliandikwi juu ya boksi lolote. Utalijua kwa kipimo nitakachokueleza.

Swali la kumwuliza muuzaji

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, katika Mtaa wa Aggrey na mitaa iliyo jirani yake, utapokelewa na mawinga, vijana wanaoishi kwa kumfikisha mteja dukani. Wengi wao ni wachangamfu na wepesi wa kusaidia, lakini kwao "ina kalamu" ni maneno yenye maana moja tu, yaani kwamba ndani ya boksi mna kitu kirefu chenye ncha. Usiulize kama kina kalamu. Uliza hivi: "Kaka, kalamu hii inajua mkono ukilemea na mkono ukiwa mwepesi?" Akijibu ndiyo, sema, "Ahsante, basi nioneshe kwenye programu ya kuchora." Asiyekubali kukifungua kifaa na kukuachia ukichore, mshukuru uende duka la pili.

Memori: hesabu ndogo inayokuepusha na majuto

Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, iliyo tayari kuchapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, ina pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kila pikseli hula baiti nne, basi tabaka moja la picha hiyo huchukua karibu MB 35 za RAM. Kadi ya harusi ya kawaida huweza kuwa na matabaka ishirini, moja la maua, moja la majina, moja la kivuli na kadhalika, nayo hufika MB 700, kabla hujahesabu kumbukumbu ya kurudisha makosa nyuma, na kabla mfumo wa Android wenyewe haujachukua fungu lake kubwa. Ndiyo maana programu za kuchora huweka mpaka wa idadi ya matabaka kulingana na kifaa.

Kwa hesabu hiyo, RAM ya GB 4 ndiyo ya chini kabisa kwa kazi ya kuchapishwa, na GB 6 au 8 ni raha. Jihadhari na maandishi ya "4+4" au "8+8" juu ya boksi: nambari ya pili si RAM, bali ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa kuisaidia RAM, nayo ni nzito wala haina msaada mkubwa kwa mchoraji. Katika hifadhi, GB 64 zatosha ikiwa kifaa kina tundu la kadi ya memori. Kisipokuwa nalo, kama zilivyo iPad zote, tafuta GB 128.

Kuhusu kioo, inchi 10 na zaidi ndizo zinazoupa mkono nafasi. Inchi 8 hutosha kwa katuni ndogo na maandalizi. Cha bei nafuu hakitasomeka juani, hilo ulikubali, utachorea kivulini.

Kipimo cha dukani, hatua kwa hatua

Kabla hujaondoka nyumbani, jifunze kwa simu yako programu mojawapo ya zile zinazopatikana bure, kama ibisPaint X, Sketchbook, au MediBang Paint, ili usije ukajifunzia dukani watu wamesimama nyuma yako. Chukua rula ndogo ya plastiki, na chaja unayoiamini. Kama kifaa hakina programu hiyo, washa intaneti ya simu yako uipakue humo humo. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

1. Fungua turubai ya A4 ya pikseli 2,480 kwa 3,508, kisha uzime kinyoosha-mstari, ambacho katika programu nyingi huitwa stebilaiza; kiweke kwenye sifuri. Hatua hii huachwa na wengi, nayo ndiyo msingi wa zilizobaki, kwa sababu kinyoosha-mstari huuficha udhaifu wa kioo: programu huurekebisha mstari uliopinda kabla hujauona, nawe ukaenda nyumbani na kifaa kibovu chenye sura ya uzima.

2. Chora mistari ya mshazari polepole mno. Weka rula juu ya kioo kwa mshazari, uishike kwa mkono wa kushoto, na uipitishe kalamu kando yake kwa mwendo wa taratibu kabisa, mstari wa shubiri moja ukuchukue muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu. Rudia mara tano, kisha uondoe rula uitazame mistari hiyo kwa karibu, ukiikuza kwa vidole viwili. Mstari wa kifaa chema huwa umenyooka, pengine na mtikisiko mdogo sana ambao huuoni mpaka uukuze. Wa kifaa duni huwa na mawimbi ya masafa sawa, mithili ya ukingo wa msumeno. Sababu yake ni kwamba vihisio vya chini ya kioo vimepangwa kwa mistari ya wima na ya mlalo, na ncha ya kalamu inapokuwa kati ya waya na waya, kifaa hulazimika kukisia mahali ilipo. Kikisiapo vibaya, mstari huvutwa huku na huku. Mstari wa haraka huficha ila hiyo, wa wima na wa mlalo pia huificha, ndiyo maana nakutaka mshazari na utaratibu. Kama ukichagua kipimo kimoja tu katika vyote hivi, chagua hiki, kwa kuwa mkunjo wa nguo, ncha ya jicho na herufi za majina ya bwana na bibi harusi vyote huchorwa kwa mkono wa taratibu.

3. Pima wepesi wa mguso. Ondoa rula. Ishike kalamu kwa mbali, iache iguse kioo kwa uzito wake yenyewe, uivute. Ikiandika mstari mwembamba, ni njema. Isipoandika mpaka uikandamize, ujue kwamba kivuli chepesi na ncha za unywele zitakushinda, na mkono wako utachoka kabla ya adhuhuri.

4. Pima kupanda na kushuka kwa unene. Chora mzunguko unaoanza kwa wepesi, ukalemea katikati, ukamalizia kwa wepesi. Unene upande na kushuka pasipo kuruka ghafula. Ukiona mstari unakuwa mwembamba halafu kwa mara moja ukawa mnene, bila daraja kati yake, kalamu hiyo ina ngazi nyingi za boksini na chache za mkononi.

5. Egemeza kiganja. Weka kiganja chote kiooni kama unavyofanya kwenye daftari, kisha uchore. Pasitokee doa, wala mstari usikatike, wala picha isikuzwe bila wewe kutaka.

6. Fika kwenye pembe na kingo. Vuta mistari hadi pembe nne za kioo. Baadhi ya vifaa huupinda mstari karibu na ukingo. Kama kifaa kina kava lenye sumaku, kivue na kukivika huku ukichora, kwani sumaku huitatiza kalamu isiyo na betri, na ila ya kava ikadhaniwa kuwa ya kioo.

7. Tazama umbali kati ya ncha na mstari. Inamisha kichwa upande. Katika vioo vya bei nafuu mna nafasi ya hewa kati ya kioo cha juu na picha iliyo chini, na mstari huonekana kuwa umeanza kando ya ncha. Kidogo cha hayo mkono hukizoea. Kikizidi unene wa punje ya mchele, kiache.

8. Kichoshe. Ongeza matabaka kumi, chukua brashi kubwa yenye rangi ya maji, uzungushe kwa kasi. Mstari ukikufuata kwa kuchelewa kidogo ni kawaida ya bei hiyo. Ukikufuata baada ya wewe kusimama, basi RAM au prosesa haikuwezi.

9. Chora kikiwa kwenye chaja. Tumia chaja yako kwanza, kisha ile ya boksi. Chaja ghushi huingiza uchafu wa umeme katika kioo, mistari ikaanza kutetemeka au mguso ukaja mahali pasipoguswa.

Kipimo hiki hakichukui muda mrefu kuliko mazungumzo ya kupunguziana bei. Usiache hatua ya pili wala ya nne kwa haya ya watu.

Kukitambua kilichoghushiwa na kilichofungwa

Kuna vishikwambi vya majina yasiyojulikana vinavyojitangaza kuwa na RAM ya GB 12 na hifadhi ya GB 512 kwa bei ya simu ya kawaida. Hayo hayawezekani, na ukurasa wa mipangilio hauaminiki kwa vifaa hivyo, kwa kuwa nambari zake zimeandikwa na aliyeghushi. Pakua programu ya kukagua vifaa, kama CPU-Z au AIDA64, ulinganishe. Kikiwa na laini ya simu, bonyeza \*#06# ili upate nambari ya IMEI, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya uhakiki iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Jina la kifaa litakalorudi lifanane na lililo mgongoni mwake. Ni mamlaka hiyo hiyo iliyozifungia simu bandia mwezi wa Juni 2016, na hapana haja ya kuishi na kifaa kwa wasiwasi. Kisichokuwa na laini ya simu hakina IMEI, basi kwacho tegemea programu ya ukaguzi na risiti.

Kwa kilichotumika, nakuomba uzingatie zaidi ya uzuri wa sura. Kwanza, kifutwe chote mbele yako na kuwashwa upya. Kikidai akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, usikichukue hata kwa nusu ya bei, kwani utakuwa umenunua bamba la kioo. Pili, vipo vifaa vilivyokopeshwa kwa malipo ya kidogo kidogo, navyo hufungwa kwa mbali mkopaji asipomaliza deni. Kikionesha ujumbe wa kampuni ya mikopo au wa shule kinapowashwa, hicho bado kina mwenyewe. Tatu, itazame ncha ya kalamu: ikiwa imelika upande mmoja, inabadilishwa kwa bei ndogo, ila kama imekwisha kukikwaruza kioo au la ndilo jambo la kulikagua kwa kukigeuza kioo mwangani.

Ukiwa Mabwerebwere na duka likiwa Dar es Salaam

Safari ya kwenda mwenyewe ni bora, na tangu treni za reli ya SGR zianze kwenda Dodoma mwaka 2024 zikipitia Kilosa, masafa hayo si mateso yaliyokuwa zamani. Usipoweza kwenda, fanya hivi:

1. Mtume ndugu au rafiki aliye mjini, si dereva wala si mtu wa duka lile lile, umpelekee hatua zote tisa kwa maandishi.
2. Mwambie apige video ya mistari ya mshazari, rula ikiwepo, kamera ikiwa karibu, akuletee kwa WhatsApp kabla ya malipo.
3. Mlipe muuzaji kwa nambari ya biashara yenye jina la duka, si kwa nambari ya mtu binafsi.
4. Dai risiti ya EFD yenye jina na aina kamili ya kifaa, na nambari yake ya utambulisho iandikwe.
5. Kama kinakuja kwa basi, kifungwe ndani ya boksi lake, na boksi liwe ndani ya jingine lenye nguo au magazeti, kalamu ikiwa mahali pake pa ndani, isibandikwe juu ya kioo kwa sumaku.
6. Kikifika, kifungue mbele ya wakala wa basi, ukitazame kioo kabla hujatia sahihi.

Ikidhihirika kwamba umeuziwa bidhaa bandia na duka linakataa kukurudishia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana juu ya bidhaa bandia nchini, nayo itataka risiti. Bila risiti hoja yako haina mguu.

Njia nyingine, kwa mwenye fedha kidogo zaidi

Kama fedha haifiki bei ya kishikwambi chema, usinunue kibovu. Lipo bamba la kuchorea lisilo na kioo, kama One by Wacom, au Inspiroy H640P ya Huion, ambalo huunganishwa na kompyuta, na mengine ya Huion na XP-Pen huunganishwa hata na simu ya Android kwa waya wa OTG. Unachora juu ya bamba huku ukitazama simu au kompyuta. Majuma ya mwanzo mkono na jicho hugombana, kisha husikilizana. Kalamu zake hazina betri, zinatambua mkandamizo barabara, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kishikwambi. Mimi namhesabu mchoraji aliye na bamba la namna hii na simu ya kawaida kuwa amejaliwa kuliko aliye na kishikwambi cha inchi 11 chenye kalamu ya mpira. Kabla ya kununua bamba, hakikisha aina ya simu yako imo katika orodha ya zinazokubalika, kwani si zote.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara

- Kutumia fedha yote katika kifaa. Weka kando kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya kava, protekta, ncha za akiba na kadi ya memori.
- Kubandika protekta nene ya kioo juu ya kioo cha kalamu kisha kulaumu kalamu. Chukua nyembamba. Ile yenye ukwaruzaji wa karatasi hupendeza mkononi, lakini hula ncha haraka.
- Kununua iPad kwa ajili ya Procreate bila kuuliza kalamu gani inaendana na iPad ile. Programu hiyo haipo kwenye Android, na iPad bila kalamu yake sahihi haikufaidii.
- Kukiacha kifaa juu ya dashibodi au ndani ya boksi la bodaboda wakati wa jua. Bonde la Kilosa lina joto, na betri za aina hii huanza kudhoofika zikiwekwa mara kwa mara penye joto linalozidi nyuzi 35.
- Kukiacha kwenye chaja umeme unapokatika na kurudi. Kichomoe, usubiri utulie.

> ORODHA YA KUBEBA MFUKONI
> ☐ Kalamu inatambua mkandamizo, nimeona kwa macho
> ☐ Stebilaiza ilikuwa sifuri nilipopima
> ☐ Mistari ya mshazari haina mawimbi
> ☐ Kalamu inaandika kwa uzito wake yenyewe
> ☐ Kiganja hakiharibu picha
> ☐ RAM halisi ni GB 4 au zaidi, bila ile ya kuazima
> ☐ Kuna tundu la kadi, au hifadhi ni GB 128
> ☐ Kimefutwa na kuwashwa upya mbele yangu
> ☐ Ncha za akiba zinapatikana, na najua bei yake
> ☐ Risiti ya EFD ninayo mkononi

Siku za kwanza nyumbani

Rudia kipimo chote kwa utulivu, mchana na usiku, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Ila nyingine hudhihirika kifaa kikiisha kupata moto. Kisha chora kazi moja kamili, ya ukubwa wa kuchapishwa, tangu mistari ya kwanza hadi rangi ya mwisho, uipeleke kwa mchapaji wa Kilosa mjini au Morogoro akuchapie nakala moja, kwa maana rangi za kioo cha bei nafuu aghalabu hung'aa kuliko za karatasi, na ni heri ulijue hilo kwa nakala yako kuliko kwa kadi mia mbili za mteja.

Halafu weka utaratibu wa akiba tangu siku hiyo. Katika ibisPaint X kazi zako hukaa ndani ya programu yenyewe, na ukiifuta programu ili upate nafasi, kazi zote huondoka nayo. Kila Ijumaa, au siku yoyote uliyozoea, toa nakala ya kila kazi katika namna mbili, PNG ya kumpa mteja na PSD inayohifadhi matabaka, uziweke kwenye kadi ya memori, na kadi hiyo uitoe kifaani uihifadhi mahali pakavu, mbali na kishikwambi.